Nani aliweka kikomo? Kompyuta ya taaluma, BIOS na amri ya 1974

Najua nimepotea. Wiki nane nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, mkoani Singida, na ile ahadi yangu ya kuandika kila Jumamosi ilikufa wiki ya kwanza tu. Sasa nimerudi chuoni, bumu halijatoka, kwa hiyo muda wa kuandika ninao. Leo sileti umbea wa bweni. Naleta historia, maana ndilo somo langu, ingawa inaanzia kwenye kompyuta moja niliyoiharibia kazi kwa mikono yangu mwenyewe.

Shule niliyopangiwa siitaji jina. Iko nje kidogo ya mji wa Singida. Mwezi wa saba ukitoka asubuhi upepo unakukata masikio, na vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Siku ya pili tu mwalimu wa taaluma akaniita ofisini kwake. "Madamu, nyie vijana ndiyo mnazijua hizi mashine. Hii hapa inatembea kama kobe. Hebu iangalie." Mimi nasoma Historia na Kiswahili, kompyuta sijaisomea popote, ila kaka yangu ana kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Dodoma na likizo zangu nyingi zimeishia humo nikishika bisibisi. Nikasema sawa mwalimu, nitaiangalia.

Ilikuwa mashine ya mezani ya kuunga, kila kifaa cha kampuni yake. Ndani ina Pentium Dual-Core E2160, prosesa ya mwaka 2007 yenye kasi ya 1.8 GHz. Wapenzi wa mambo haya watatabasamu hapo, maana prosesa hiyo enzi zake ilikuwa na sifa moja: ilikubali sana kuovaklokiwa. Kuovakloki ni kuifanya prosesa iende kasi kuliko ile iliyoandikwa kiwandani, na kwa kawaida unafanya hivyo kwa kubadilisha namba kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, ambayo kwenye mashine nyingi za zamani unaiingia kwa kubonyeza Delete pale inapowaka. Nikaingia, nikaiona namba, nikashawishika. Yaliyofuata nitayasema huko chini, msiwe na haraka. Kwanza tujiulize namba ile iliwekwa na nani na kwa nini, kwa sababu nilipoanza kuifuatilia niliona hadithi yake ni ndefu, na inapita mpaka hapa kwetu.

Tuanze mwanzo. Jina BIOS lilianza na Mmarekani mmoja, Gary Kildall, aliyetunga mfumo wa CP/M katikati ya miaka ya 1970. Shida iliyomkabili ni kwamba kila kampuni ilitengeneza mashine yake kivyake. Akatenga kipande kidogo cha programu kinachoongea na vifaa, ili mashine ikibadilika ubadilishe kipande hicho tu na mengine yabaki yalivyo. Agosti 1981 IBM wakazindua PC yao, BIOS yake ikiwa ndani ya chipu kwenye madabodi, na prosesa yake, Intel 8088, ilikwenda kwa 4.77 MHz. Ile kobe ya mwalimu wa taaluma ina 1800 MHz. Ukihesabu mapigo peke yake, ni zaidi ya mara 370. Kobe naye ana historia yake!

Sasa njoo mwaka 1984, maana hapa ndipo utamu ulipo. IBM walitoa mashine mpya waliyoiita AT, yenye prosesa ya 286 inayokwenda 6 MHz. Ni AT hiyo iliyoleta pia ule utaratibu wa mipangilio kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo ya CMOS inayolindwa na betri, ili mashine ikumbuke saa, tarehe na vifaa vyake hata ikizimwa. Betri hiyo ishikeni akilini, tutairudia. Watumiaji wakafungua kifuniko wakakuta kwamba mapigo ya prosesa yanatoka kwenye kristali, kifaa kidogo kinachotetemeka mara nyingi kwa sekunde, nacho kimechomekwa tu. Kristali ilikuwa ya 12 MHz, na mashine ilikuwa inaigawa kwa mbili kupata 6. Basi watu wakanunua kristali ya 16 MHz kwa bei ndogo, wakachomoa ile ya zamani, wakachomeka mpya, wakapata 8. Kasi imepanda kwa theluthi nzima, na fundi hajaitwa.

IBM hawakufurahi. Kwenye matoleo ya baadaye ya BIOS ya AT waliweka kipimo cha kasi: mashine ikiwaka inajipima, ikiona inakimbia kuliko inavyoruhusiwa, inagoma kuendelea. Na mwaka 1986 IBM wenyewe wakaanza kuuza AT ya 8 MHz. Hapo ndipo nilipoacha kusoma kidogo nikawaza. Kikomo kile cha 6 kiliwekwa kwa sababu ya ufundi au kwa sababu ya biashara? Inawezekana vyote viwili. Kampuni inaacha nafasi ya usalama, kwa sababu haijui mashine itakaa kwenye chumba chenye joto gani, na haitaki kesi. Lakini pia kampuni haitaki mashine yake ya bei nafuu ishindane na ile ya bei ghali. Mnunuzi anaona namba moja tu, haambiwi sehemu gani ya hiyo namba ni usalama na sehemu gani ni soko.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi miaka ya 1990. Chipu nyingi hutoka kwenye bamba moja la silikoni, zikiwa mamia kwa pamoja, kisha zinapimwa moja moja na kupangwa kwenye madaraja. Inayomudu kasi kubwa inaandikwa kubwa, isiyomudu inaandikwa ndogo. Lakini kiwanda kikishazoea, chipu nyingi zinafaulu daraja la juu, wakati wateja wengi wanataka ya bei ndogo. Kwa hiyo chipu nzuri inaandikwa namba ndogo ili soko lijae. Sisi watu wa elimu mfano wake tunao. Wazazi wetu wanakumbuka enzi ambazo mtoto wa darasa la saba alikuwa anafaulu, halafu anaambiwa "hukuchaguliwa", kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Hakuwa mjinga yule. Nafasi ndiyo haikuwepo. Chipu nyingi zilikuwa hivyo hivyo, zimefaulu ila hazikuchaguliwa.

Maarufu kuliko zote ilikuwa Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998. Hesabu yake ni rahisi, na ni hesabu ile ile niliyoikuta Singida: kasi ya prosesa ni kasi ya njia kuu ya madabodi mara kizidisho. Celeron ilikuwa na njia ya 66 MHz na kizidisho cha 4.5, jibu 300. Kizidisho Intel walikuwa wamekifunga. Sababu moja ya kufunga ilikuwa ya haki kabisa, kwani kulikuwa na matapeli waliokuwa wanafuta maandishi ya chipu ndogo, wanaandika namba kubwa na kuziuza kwa bei kubwa. Lakini njia kuu haikufungwa. Ukiiweka 100 badala ya 66, unapata 450, sawa na Pentium II ya juu kabisa ya wakati huo, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa ya Celeron. Zamani kubadilisha njia kuu kulihitaji kufungua kifuniko na kuhamisha vijampa, vile vipande vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini. Kampuni ya Abit ya Taiwan ikaleta menyu ndani ya BIOS, unachagua namba kwa kibodi, basi. Kwa hiyo mtu asiyejua kushika hata bisibisi akawa na uwezo wa kusogeza kikomo. Na mwaka 2000, prosesa za AMD zilipotoka zikiwa zimefungwa kizidisho, watu waligundua kwamba ukipitisha penseli ya kawaida juu ya vidaraja fulani kwenye uso wa chipu, risasi yake inapitisha umeme na kufuli linafunguka. Penseli jamani!

Mtaniuliza, na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Hapa sasa ndipo historia ya kwetu inapoingia, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Mwaka 1965, yaani miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika na mwaka mmoja baada ya Muungano. Hatukuchelewa kuanza hata kidogo. Lakini kazi ya hesabu za serikali kwa kompyuta haikuleta matunda yaliyotarajiwa, gharama ilikuwa kubwa, na wataalamu walikuwa wa kuletwa. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Taasisi ikihitaji kompyuta ilibidi iombe kibali maalumu. Mtu wa kawaida hakuwa na habari na kibali, kwa sababu hata kompyuta yenyewe hajawahi kuiona.

Nilipokuwa kidato cha nne nilidhani amri hiyo ilikuwa ujinga mtupu. Sasa nasoma historia, nimejifunza kwanza kuangalia mwaka. 1974 ni mwaka gani? Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla kuanzia mwishoni mwa 1973. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umepiga, na mikoa ya kati kama Singida na Dodoma haikuhitaji kuambiwa ukame ni nini. Serikali ilikuwa inatumia fedha za kigeni kununua chakula nje. Watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Kompyuta ya wakati ule haikuwa kitu cha kuweka mezani, ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, unaohitaji kiyoyozi na mafundi wa kigeni. Katika hali hiyo mtu akisema "hizi dola zinunue mahindi, kompyuta zisubiri", simwiti mjinga. Kikomo kilikuwa na sababu.

Tatizo ni lililofuata. Sababu ilibadilika, kikomo kikabaki. Mwaka 1977 Apple II ilianza kuuzwa. Mwaka 1981 ikaja IBM PC niliyoisema hapo juu. Kompyuta ikawa kitu ambacho ofisi ndogo inaweza kukinunua, na hakihitaji chumba wala kiyoyozi. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye vita vya Uganda vya 1978 na 1979, maduka matupu, foleni za sukari na sabuni, mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi. Wakati mwenzetu mmoja huko Marekani anachomoa kristali ya 12 na kuchomeka ya 16, hapa kwetu kuingiza hiyo mashine yenyewe kulihitaji ruhusa ya serikali. Milango ilianza kulegea na mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 marufuku ikawa imeondoka. Televisheni Bara tulianza kuwa nayo 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sera ya Taifa ya TEHAMA ikatoka 2003, na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ikatoka 2007, mwaka ule ule ilipotengenezwa prosesa ya mashine yangu ya Singida.

Nilimsimulia mwalimu wa taaluma haya siku moja tukisubiri chai. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi mwanangu kompyuta niliigusa mara ya kwanza nina miaka thelathini na tano. Niliogopa kubonyeza, nikadhani italipuka." Kisha akanyamaza. Nilijisikia vibaya, kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa nimecheka kimoyomoyo nilipomwona anaandika kwa kidole kimoja. Sikujua kwamba nacheka amri ya 1974.

Haya, turudi kwenye kosa langu. BIOS ya mashine ile ilikuwa na menyu ya kasi. Kwenye chumba cha kompyuta kulikuwa na nyingine za msaada, za kampuni kubwa, lakini hizo ukurasa huo haukuwepo kabisa. Hii ni kawaida, mashine za ofisi nyingi hazina menyu ya kuovakloki, na nadhani ndiyo maana mchezo huu haukushika sana kwetu, maana tunazotumia nyingi ni mtumba wa maofisi ya watu. Hii ya kuunga ilikuwa wazi. Njia kuu 200, kizidisho 9, jibu 1800. Nikaweka 266, ikawa 2.4 GHz. Nikaongeza na volteji kama asilimia 10, kwa sababu kwenye video fulani kijana alifanya hivyo. Ilikuwa saa mbili asubuhi, baridi ya kuvaa sweta. Ikawaka. Ikakimbia. Mwalimu akanipongeza, nami nikapita koridoni nimenyoosha shingo kama twiga.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limechoma mabati mpaka yanalia, mwalimu anaingiza alama za mtihani wa nusu muhula za kidato cha pili, mikondo minne. Anahifadhi faili, skrini ikawa ya bluu. Tukawasha upya, faili la Excel halifunguki. Kwenye flashi kulikuwa na nakala ya jana yake, nayo haifunguki. Watoto karibu 180, masomo tisa. Mzee wa watu hakunifokea. Alisema tu, "Basi, karatasi zipo." Tukakaa mimi na yeye na mwalimu mwingine mpaka saa nne usiku, mmoja anasoma alama kwenye karatasi, mwingine anaandika, nami nimerudisha BIOS kama ilivyokuwa. Karatasi ndizo zilizotuokoa. Kama zingekuwa zimechomwa, watoto wale wangerudia mtihani kwa ajili ya kiherehere changu.

Kaka alinieleza kwa simu nilipokosea, na maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu mtu mwingine atajaribu.

La kwanza, RAM. Ukipandisha njia kuu, RAM nayo inaburutwa. RAM yetu iliandikwa 667, mimi nikaifikisha karibu 887 bila kujua. RAM ikizidiwa siyo lazima mashine izime. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku inakosea, herufi moja hapa, namba moja pale, na faili linahifadhiwa likiwa limeshaoza. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko moshi. Ndiyo maana hata nakala ya flashi ilikuwa mbovu, ilitoka kwenye RAM ile ile. BIOS ina sehemu ya kupunguza uwiano wa RAM, unaishusha kwanza ndipo unapandisha njia kuu, ili RAM isivuke namba yake. Na kama kuna sehemu ya kufunga kasi ya PCI, iache 33 MHz, na PCI Express iache 100.

La pili, joto. Joto la prosesa linapanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji linapanda kwa kipeo cha pili. Piga hesabu: kasi imepanda mara 1.33, volteji mara 1.1, na 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Zidisha, unapata 1.6. Yaani nimeongeza joto kwa asilimia 60 kwa ajili ya kasi ya asilimia 33, kwenye feni ambayo haijapulizwa vumbi sijui tangu lini. Tena mji wa Singida uko mita kama 1500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi ya unavyodhani, kwa maana ya uchache. Volteji usiiguse kama huna sababu.

La tatu, mwendo. Andika namba zote za mwanzo kwenye daftari. Hamisha mafaili ya watu kwanza. Pandisha 5 tu, washa, pima. Memtest86 inapima RAM, Prime95 inaichosha prosesa kwa hesabu nzito na kukuambia ikikosea. Pima kwa masaa, na upime saa nane mchana, siyo saa mbili asubuhi. Kosa likitokea hata moja, rudi nyuma hatua mbili na ukae hapo. Ikigoma kuwaka kabisa, chomoa waya wa umeme, hamisha jampa ya kufuta CMOS au toa betri kwa dakika kadhaa, mipangilio inarudi ya kiwandani.

Na hapo kwenye betri ndipo nilipocheka peke yangu. Mashine nyingine za chumba cha kompyuta kila asubuhi zilikuwa zinaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita na kudai F1. Walimu walishazoea, wanasema "zimezeeka". Kumbe kila jioni mlinzi anazima umeme kwenye swichi kuu, na betri zake, zile za duara CR2032 za volti 3, zilikuwa zimekufa zote. Mashine inalala, inasahau kila kitu, inaamka kama imezaliwa leo. Tulinunua betri mjini kwa fundi saa, tukabadilisha, ugonjwa ukaisha. Kama nisingeanza kuhangaika na BIOS nisingeliona hilo.

Kisha nikajaribu tena kuovakloki, safari hii kwa adabu. Tulipuliza vumbi, tukabadilisha grisi ya prosesa, RAM nikaishusha, volteji sikugusa. Nikafika 220, yaani 1.98 GHz, vipimo vyote safi mchana wa jua kali. Asilimia 10. Kuiona kwa macho huioni. Halafu kaka akatuma kwa basi RAM ya 2 GB, mashine ilikuwa na 1 GB tu, na hapo ndipo kobe alipoanza kutembea kama watu. Ukobe wake haukuwa kwenye prosesa tangu mwanzo. Nilisogeza kikomo ambacho hakikuwa ndicho kinachomzuia.

Siku mbili kabla ya kuondoka niliingia BIOS nikarudisha 200. Mwalimu akauliza kwa nini, si inafanya kazi vizuri? Nikamwambia mwalimu, mimi naondoka, na siku ikianza kukosea mwezi wa kumi na moja hakuna atakayejua kwamba kuna namba imebadilishwa. Akatikisa kichwa, akasema niandike kwenye daftari la vifaa nilichofanya, tarehe na namba zote. Nimeandika. Natumaini yupo atakayesoma.

Siku hizi mashine mpya hazina BIOS ile ya zamani, zina UEFI, na tangu 2008 Intel wameweka Turbo Boost, prosesa inajipandisha kasi yenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu, vikizidi inajishusha. Yaani watengenezaji wenyewe wamekubali kwamba kikomo hakipaswi kuwa namba moja ya milele. Kinatakiwa kiangaliwe upya kila wakati kulingana na hali. Hilo ndilo ninalolilaumu kwenye amri ya 1974, siyo kwamba iliwekwa, ila kwamba hali ilipobadilika hakukuwa na mtu wa kuipima haraka. Na ndilo ninalojilaumu mimi kwa upande wa pili, niliondoa kikomo bila kuuliza kinazuia nini. Nimetoka field na alama nzuri, lakini nikikumbuka Singida nakumbuka usiku ule wa karatasi.

Naishia hapa, Jumatatu kuna testi ya Saikolojia ya Elimu na sijagusa notsi. Mwenye kudesa naye aniite kimbwete cha kawaida. Tuonane Jumamosi, safari hii kweli.